Nani Aliokoka wa Kwanza Hapa?

Nilipofunga kibanda changu cha santuri pale Kitengela, vijana wanaofanya kazi hii walinijia wakitaka niwaachie siri. Siri hakuna. Kuna vumbi, mgongo unaouma na masikio mawili ambayo hayajakataa kazi bado. Lakini kwa kuwa wamenisihi niandike, na kwa kuwa sasa nina muda hata wa kugombana na kuku wa jirani, nitaandika. Mambo ya faida na hasara sitayagusa. Aliyeuza alifurahi, aliyenunua alifurahi, yakaisha.

Mjue kwanza kwamba sikuingia katika kazi hii kwa kupenda muziki. Niliingia kwa kumtafuta mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa amekufa.

Bwana yangu Njuguna alikuwa mkata mawe katika machimbo ya Kiserian. Zamani, kabla hatujajuana, yeye na wenzake watatu wa machimboni walikuwa na bendi, na siku moja walienda Nairobi wakarekodi santuri, ile ndogo yenye wimbo mmoja huku na mwingine huku. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa dereva wa barabara ya Magadi. Njuguna hakuutunga wala hakupiga gita, na jina lake halikuandikwa popote. Aliimba sauti ya pili, ile inayoingia kwenye kiitikio na kumshika mwimbaji mkono. Wimbo ulipendwa kwa muda, ukasahaulika, na vijana wakarudi kukata mawe. Mimi nilimpata miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye mikono migumu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini jiwe likamwangukia, nikiwa na mimba ya binti yetu Wambui.

Picha zake nilikuwa nazo. Sauti yake ilibaki katika santuri hiyo moja tu, na gramafoni yetu ilikuwa imekufa kabla yake.

Baada ya mazishi nilihamia Kitengela kuuza nguo za mitumba. Kitengela ya wakati huo msiifikirie kama ya leo. Ng'ombe walipita katikati ya mji wakiwa na haki zaidi kuliko watu, na upepo ulipovuma mtu alikula chakula chenye mchanga akashukuru. Karibu na stendi palikuwa na duka la Mzee Hassan. Ndugu zake, watu wa kutoka upande wa Garissa, walikuwa wafanyabiashara wa mbuzi, lakini yeye alipenda nyaya. Alitengeneza redio, pasi, na kila kitu chenye swichi. Nilimpelekea gramafoni na santuri yetu pamoja, mtoto akiwa mgongoni.

Alibadilisha mkanda wa ndani, akasafisha sindano, akaweka ile santuri. Mimi nilisimama mlangoni. Ikatoka sauti kama ya mafuta yanayokaanga samaki, na ndani ya mafuta hayo wimbo. Kwenye kiitikio Mzee Hassan akainua kidole. Alikuwa Msomali asiyejua neno moja la Kikikuyu, lakini akainua kidole pale pale.

"Mama, hapa kuna mtu wa pili anaimba," akasema.

"Najua, Mzee. Ni bwana yangu. Tulimzika."

Akazima gramafoni kwanza, akaniambia pole kwa utaratibu, kisha akaichukua santuri na kuigeuzageuza mlangoni kwenye mwanga. "Yeye yuko ndani. Lakini wamemfunika. Hii ni chapa ya pili."

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza, na nawapa kama nilivyopewa. Kiwandani, santuri za kwanza za wimbo hugongwa kwa chuma kipya na malighafi safi. Hiyo ndiyo chapa ya kwanza. Wimbo ukipendwa kuliko walivyotarajia, na malighafi ikiwa imepungua, huchukua santuri zilizorudishwa na maduka, wanaziyeyusha pamoja na karatasi zake za katikati, wanagonga tena. Karatasi iliyoungua hukaa mle ndani milele, na sindano ikipita hulalamika. Chuma nacho kimechoka, na sauti ndogo ndizo za kwanza kupotea. Mwimbaji mkuu atasikika hata ukimgonga kwenye sufuria. Wa pili ndiye anayezama.

"Chapa ya kwanza iko wapi, Mzee?" nikauliza.

"Iko kwa watu," akasema, na akaendelea na redio ya mtu mwingine.

Nikaanza kuwaendea watu. Mwanzoni niliuliza tu nikiuza nguo: mna santuri za zamani? Kaseti zilikuwa zimeshinda, na watu walikuwa na haya ya kuonekana na gramafoni. Niligundua kwamba nikileta dukani santuri nyingine, hata zisizonihusu, Mzee Hassan alijua watu Nairobi wanaozitaka, watu wenye masikio ya kuchagua. Nguo zikawa kazi ya asubuhi, santuri zikawa kazi ya siku nzima, na mwishowe nikasahau bei ya sweta.

Makosa yangu ya mwaka wa kwanza yangetosha kumfukuzisha mtu kazi, ila hapakuwa na mwingine wa kuniajiri wala wa kunifukuza. Nilipata zile santuri nzito za zamani kabisa, zinazovunjika kama sahani ya udongo, nikazisafisha kwa spiriti kama nilivyosafisha sindano. Kitambaa kikawa cheusi, nikajisifu kwa kuondoa uchafu. Kumbe ulikuwa muziki. Mzee Hassan alikitazama kitambaa, akasema, "Basi weka hiyo kitambaa kwa gramafoni tusikie." Mara nyingine niliosha santuri vizuri kwa sabuni na maji, nikazianika kwenye mabati. Jua la Kitengela likazikunja zikawa bakuli. Wambui alizichezea hizo kwa miaka, akipikia udongo. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, mkono laini ufuate mistari, mkaushe kivulini. Na msilaze santuri moja juu ya nyingine kama chapati.

Alinifundisha kusimama mlangoni na kuinamisha santuri mpaka mwanga uteleze juu yake. Mng'aro si kitu, wengi hudanganywa na mng'aro. Chapa ya pili hung'aa sana, maana haikupata muda wa kuchezwa watu wakiwa wameshahamia wimbo mwingine. Tazama herufi ndogo zilizokwaruzwa kwa mkono kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Zile za kwanza zina herufi kali, za baadaye zimefifia au zimeongezwa alama. Tazama tundu la katikati kama lina mikwaruzo ya mtu aliyekuwa akitafuta pa kuingiza gizani akiwa amelewa. Kisha ndipo uweke sindano.

Somo la mwisho lilikuwa la mdomo. "Usionyeshe njaa," Mzee Hassan alikuwa akiniambia. "Ukitaka moja, uliza kumi. Ile unataka iweke katikati, uishike kama hauioni." Nililishika somo hilo vizuri mno, kama mtakavyoona.

Sasa swali la wapi pa kutafuta. Santuri za baa msijisumbue nazo. Zilipendwa mpaka zikaisha, na bia imeingia kwenye mistari. Santuri za walimu zilitunzwa vizuri lakini mara nyingi ni za kwaya. Nilizunguka Kiserian, Kware, Laiser Hill, nikarudi kila mara na mkokoteni wa vitu vilivyokwaruzwa. Nikachoka. Santuri nzuri ingetoka wapi, kama waliozipenda walizimaliza na wasiozipenda hawakununua?

Jibu lilikuja siku mama mmoja wa Kware aliponiambia kwamba hawasikilizi tena nyimbo za kidunia, tangu waokoke, lakini sanduku liko chini ya kitanda. Nikalivuta. Mle ndani palikuwa na santuri zilizochezwa wiki chache tu kabla Bwana Yesu hajaingia nyumbani, na tangu hapo hazikuguswa. Hazikutupwa kwa sababu zilinunuliwa kwa jasho, na hazikupigwa kwa sababu ya dhambi. Niliziinamisha mlangoni nikahisi nimeona kiwanda chenyewe.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena kama kuna santuri. Nilisalimia, nikakunywa chai, nikauliza, "Nani aliokoka wa kwanza hapa, na ilikuwa mwaka gani?" Waliookoka wanapenda sana swali hilo, na jibu lake lilikuwa ramani yangu. Baba akiokoka mapema, sanduku ni safi. Mama akiokoka peke yake, baba aliendelea kupiga kwa hasira, na santuri zimeisha upande mmoja. Wakiokoka kwenye mkutano mkubwa wa injili uwanjani, usikae sana, vyote vilichomwa. Mzee Hassan alicheka mpaka akashika meza nilipomweleza. "Kumbe kanisa lenu ni stoo," akasema.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Nyumba moja ya hapo Kitengela walisikia swali langu wakadhani natafuta wokovu. Wakaita mchungaji, wakaita majirani, nikawekewa mikono kichwani mpaka shingo ikauma. Nilitoka bila santuri hata moja, nimebeba Biblia na nusu ya keki. Nyumba nyingine niliweka sindano kujaribu wimbo wa baa, sauti juu, na akina mama wa kanisa wakaingia kwa maombi ya mchana. Kabla hamjajaribu santuri kwa mtu aliyeokoka, ulizeni siku ya maombi.

Wimbo wa dereva wa Magadi niliupata mara nyingi. Ulikuwa karibu kila mara chapa ya pili. Chapa ya kwanza niliipata Kiserian kwenye baa iliyofungwa, ikiwa nyeupe kwa kuchezwa, na nyingine Laiser Hill ambayo mtu alikuwa akifunikia nayo maziwa. Kila nilipouona moyo ulipanda shingoni. Kila nilipoweka sindano ulishuka. Mtu angeniona kwa nje angesema mama huyu yuko kazini. Ndani nilikuwa mjane anayebisha hodi kwenye milango ya watu, akiuliza kama bwana yake yuko.

Naye Wambui alikuwa anakua. Nilikuwa nikimpigia ile santuri yetu, nikimwonyesha kwa kidole: hapa, sikia, huyo ndiye baba. Alipoanza shule ya chekechea mwalimu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba watoto waliulizana baba zao wanaongeaje, kila mtu akaigiza. Wambui alipofikiwa alitoa pumzi kwenye meno: shhhh. Watoto wakacheka, yeye akaendelea kufanya hivyo kwa bidii, maana ndivyo alivyomjua. Nilienda nyuma ya darasa nikalia nikiwa nimeshika mti wa mkenge. Kuanzia siku hiyo nilijua kwa nini naitafuta chapa ya kwanza. Mimi nilikuwa na kumbukumbu zangu. Mtoto alikuwa na kelele za karatasi iliyoungua.

Miaka ikaenda. Mzee Hassan alizeeka, watoto wake wakamchukua Garissa, akaniachia vifaa vyake na kiti chake. Mji ukajaa maghorofa. Wazungu wakaanza kuja kutafuta santuri, watu wapole wenye mikoba, wanaozinusa kabla ya kuziangalia. Wambui akawa msichana mrefu, akamaliza kidato cha nne, na hakuulizia tena habari za ile santuri. Nadhani aliona inaniumiza. Kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Ndipo nikasikia habari za Mama Nasieku wa Kajiado. Marehemu bwana yake alikuwa bwana mifugo, Mmaasai aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Kiserian akapenda nyimbo za huko na kuzicheza kuliko wenyewe. Nilimkuta nje ya nyumba ya mawe akitengeneza shanga.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimia mama.

"Iko," akajibu, akanisogezea kigoda.

Tulikunywa chai. Nikauliza swali langu.

"Ni mzee," akasema. "Aliokoka akitoka kazi, hata kabla hajavua viatu. Akafunga sanduku siku hiyo. Kifunguo akanipea mimi, akasema nisimpe tena hata akiniomba."

"Na aliwahi kukuomba?"

"Mara moja." Akaendelea na shanga zake.

Alinifungulia niangalie. Ya tatu kutoka juu ilikuwa wimbo wa dereva wa Magadi. Niliipeleka mlangoni na zingine tisa, nikaishika katikati kama nilivyofundishwa, nikaiinamisha kama siioni. Herufi zilikuwa kali. Mwanga uliteleza bila kushikwa na kitu chochote. Ilikuwa imepigwa labda mara mbili, labda tatu.

"Yeyo, hizi kumi naweza kukuondolea," nikasema kwa sauti ya sokoni. "Zinakaa tu, zinashika vumbi."

"Siuzi."

"Sema tu mwenyewe vile unataka."

"Mama, si mambo ya pesa. Hii ni vitu ya dunia. Mimi nikiuza, nitakuwa nimefanya biashara na dhambi. Zikae."

Nikaongeza bei, akatikisa kichwa. Nikaongeza tena, akaanza kuniangalia kwa mashaka, maana nani humwaga pesa hivyo kwa vitu vya vumbi? Nikarudi Kitengela. Siku kadhaa baadaye nikaenda tena na sukari na shuka zuri. Alipokea sukari na shuka, akanibariki, akakataa. Nilikuwa nimeipata chapa ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, iko kwenye sanduku umbali wa safari ya asubuhi, na sikuwa na la kufanya ila kuipandia bei kama mtu mnadani. Haikunijia hata mara moja kumwambia kwa nini. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nimefundisha uso wangu usionyeshe njaa, na sasa uso ulikuwa umekataa kusahau.

Safari ya tatu nilimwomba Wambui anisaidie kubeba gramafoni ya betri. Mpango wangu ulikuwa wa kikazi tu: nijaribu santuri zingine mbele ya yule mama, labda azoee, labda alegeze. Wambui alijua tunaenda kwa mteja mgumu. Zaidi ya hapo sikuwa nimemwambia, kwa kuogopa kumpa matumaini yatakayovunjika tena.

Tulikaa. Nikaanza maneno yangu yale yale ya sokoni. Nikazishika zile kumi, nikazigeuza, na Wambui aliyekuwa ameinama kufungua gramafoni akaona karatasi ya katikati. Alikuwa ameiona tangu utotoni. Angeitambua akiwa usingizini.

"Mum," akasema, "si hii ndio ya baba?"

 Mama Nasieku akaacha shanga.

"Baba gani?" akauliza.

"Babangu anaimba hapo," Wambui akasema. "Alikufa kabla nizaliwe. Yetu ni mbaya, inapiga kelele, hata hasikiki."

Yule mama alinigeukia, na sitasahau jinsi alivyonitazama. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyeona jirani akinywa maji ya mtaroni na kisima kiko hapo.

"Umekuja hapa mara tatu," akaniambia. "Umeniambia pesa, umeniambia vumbi. Kwa nini hukusema ni mzee wako?"

 Nilijaribu kusema ni mazoea ya kazi, sauti ikakatika, nikalia mbele ya mteja kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Aliniacha nilie. Kisha akasimama, akajifunga shuka.

"Piga," akasema. "Mimi naenda kuangalia kuku."

Wambui ndiye aliyeweka sindano. 

Kwanza palikuwa na kimya. Santuri nzuri ina kimya chake kabla ya wimbo, kimya safi kama chumba kilichofagiliwa. Kisha magita yakaingia, moja juu moja chini, kila uzi ukiwa na mahali pake. Mwimbaji mkuu akaimba ubeti. Na kabla tu ya kiitikio, nikasikia mtu akivuta pumzi. Sikuwahi kusikia pumzi hiyo katika nakala yoyote. Akaingia.

Ilikuwa sauti nyembamba, nyepesi, safi kabisa, yenye kicheko kidogo ndani yake, ya kijana anayefurahi kuwa Nairobi siku hiyo. Wambui alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka.

"Mum, huyu ni boy wa rika yangu," akasema. "Ni kama tungekuwa class moja."

Nikamwambia ndiyo. Na hapo, mbele ya binti yangu aliyekuwa anampokea baba yake, mimi nilikuwa nimekaa nikimngoja bwana yangu, na hakuja.

Njuguna niliyeolewa naye alikuwa amevuta vumbi la mawe miaka mingi. Alikuwa na koo lenye kokoto. Alipoitikia nje ya mlango, sauti ilitangulia kukwaruza kabla ya neno kutoka. Alipoimba akinyoa ndevu, nusu ya wimbo ilikuwa kikohozi. Sauti hiyo ndiyo iliyoniambia ananipenda, ndiyo iliyonigombeza kwa chumvi nyingi, ndiyo niliyoilalia. Huyu kijana kwenye gramafoni alikuwa mzuri, na nilimwonea huruma kwa yote yaliyokuwa yakimngoja, lakini sikuwahi kumjua. Aliimba akiwa hajui kama kuna mtu anaitwa mimi.

Nilipoinua macho Mama Nasieku alikuwa amesimama mlangoni. Kuku hawakuwa wameangaliwa. Mabega yake yalikuwa yanasogea kidogo kidogo, namna watu wake wanavyoyasogeza, na nadhani hakujua.

"Hivi ndivyo mzee alikuwa anacheza," akasema wimbo ulipoisha. "Hapo kwa hiyo mlango. Huyo ndiye nilipenda. Yule mwingine, yule aliokoka, huyo nilimheshimu." Akatazama sanduku. "Aliponiomba kifunguo nikamkatalia. Nilifanya vile alisema."

 Kisha akaitoa santuri kwenye gramafoni mwenyewe, kwa ncha za vidole, akairudisha kwenye bahasha yake na kumpa Wambui.

"Siuzi," akasema. "Lakini mtoto akichukua sauti ya babake, hiyo si biashara."

Wambui akainama, akawekwa mkono kichwani. Nikasema ashe oleng, asante sana kwa lugha yake.

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mtaulizwa kila siku ni nakala ipi inasikika vizuri zaidi, na ni haki mjue kujibu. Ya Wambui ndiyo bora niliyowahi kuishika mikononi. Wanunuzi wamemfuata mpaka kazini kwake, naye huwapigia waisikie mara moja na kuwaaga. Mume wake anaijua, watoto wake wanaijua, na wakiulizwa babu yao aliimbaje wanaimba, tena vizuri. Kwa hilo, miaka yangu ya kubisha milango ililipwa, na sina deni na mtu.

Lakini jioni ile tuliporudi kutoka Kajiado, Wambui alitoka kwenda kuwaita marafiki zake waje wasikie. Nilibaki peke yangu. Nikaitoa ile yetu ya zamani, chapa ya pili, iliyochoka pande zote. Sikuiosha, sikuitazama kwenye mwanga. Nikaweka sindano nikakaa chini karibu nayo. Ikaanza na makelele yake, na kwenye kiitikio, kwa mbali, akikwaruza, bwana yangu akaingia.